Insha Isiyoandikwa

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, aliiachia nchi hii hazina ya mashairi na insha. Mwaka 1954 kilichapwa kitabu chake Kielezo cha Insha, ambacho jina lake lenyewe latujulisha kwamba utungaji hufunzwa kwa mfano. Yafaa basi kuuliza: je, mtihani wetu wa kumaliza elimu ya msingi umekuwa na macho ya kumtambua mtungaji?

Mwaka 2012 majibu ya mtihani huo yalianza kusahihishwa kwa mashine isomayo alama za penseli. Katika karatasi ya Kiswahili ya miaka hiyo ilikuwamo sehemu iitwayo Utungaji. Humo mtahiniwa alipewa sentensi nne zilizovurugwa, akatakiwa kuzipanga kwa herufi A, B, C na D. Hakuandika hata sentensi moja iliyo yake.

Watetezi wa njia hii wana hoja. Watahiniwa sasa huzidi milioni moja, na mashine haimjui mtoto wa tajiri wala wa mvuvi. Ilhali wasahihishaji wawili waweza kuipa insha moja alama mbili mbalimbali. Lakini mizani ya sokoni, hata iwe sahihi namna gani, haipimi utamu wa embe.

Kutunga ni kuanza na karatasi tupu. Mtoto wa Pangani aliyeona ngalawa ya baba yake ikichelewa kurudi wakati wa kusi analo la kusema. Lililo gumu ni kuamua aanze wapi na anyamazie lipi. Uamuzi huo ndio utungaji, nao hauna kisanduku cha kutia kivuli.

Hatari ya kujibu kwa herufi tumeiona. Mwaka huo huo wa 2012 ilibainika kwamba maelfu ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Herufi yaweza kubahatishwa au kunakiliwa, aya haibahatishwi. Tena mwalimu hufundisha litakaloulizwa, na insha isipoulizwa, daftari la insha hubaki jeupe.

Mashine na ibaki na sarufi. Insha moja fupi isomwe na walimu wawili wenye vigezo vya pamoja. Gharama ipo, lakini taifa lililokifanya Kiswahili lugha yake halina budi kusoma yaandikwayo na watoto wake.