Maji ya Tambi na Mchuzi Usiokatika

Kila aliyewahi kupika kwa nazi anajua tui linavyokatika. Umeinjika tui zito, umegeuka kidogo kumwitikia mtu anayebisha hodi, ukirudi mafuta yameelea juu na vichembe vyeupe vimetengana na maji. Jijini Roma kuna chakula ambacho ufundi wake wote umo katika kuzuia jambo hilo hilo, ila kwa jibini badala ya tui. Kinaitwa cacio e pepe, yaani jibini na pilipili manga.

Viungo vyake ni vitatu tu: tambi, pilipili manga, na jibini la maziwa ya kondoo liitwalo Pecorino Romano. Hakuna kitunguu, hakuna siagi, hakuna krimu. Anayeletewa sahani huona tambi zimevikwa mchuzi mweupe laini unaong'aa, akaapa kwamba mna krimu ndani. Hamna. Kazi ya krimu imefanywa na maji yaliyochemshiwa tambi, yale ambayo wengi wetu huyamwaga bila kufikiri.

Tuanze na jibini, maana hapo ndipo penye hatari. Likipata joto la kufika nyuzi 65 hivi, protini zake hupoteza umbo lake, hufunguka na kuanza kunasana. Mafuta yaliyokuwa yameshikwa ndani huchuruzika nje. Mpishi hubaki na bonge linalovutika kama ulimbo chini ya sufuria, na maji mepesi pembeni. Nimelipata bonge hilo zaidi ya mara moja, na kila mara sababu ilikuwa moja: jibini liliingia sufuriani moto ukiwa bado unawaka.

Kinga yake ni wanga. Tambi zinapochemka, wanga hutoka na kuingia majini. Chembe zake huvimba, maji yakawa mazito kama uji mwepesi, na protini za jibini hukosa nafasi ya kukutana na kunasana. Mwaka 2025 kundi la wanafizikia wa Kiitalia lilichapisha katika jarida la Physics of Fluids utafiti wa mchuzi huu peke yake, wakipima joto na wanga hatua kwa hatua. Waligundua kwamba wanga unaofaa ni asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa jibini. Ukishuka chini ya asilimia 1, mchuzi hukatika upesi. Ukizidi asilimia 4, hugeuka mgumu unapopoa. Kwa gramu 160 za jibini, basi, gramu 4 za wanga zinatosha kuamua kama utakula mchuzi au bonge. Utafiti huo ulipata tuzo ya Ig Nobel, inayopewa kazi za kisayansi zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha. Mimi naona ulistahili kuheshimiwa hata bila kicheko.

Sasa, Waitalia wana kanuni ya kuchemsha tambi: kwa kila gramu 100 za tambi, lita 1 ya maji na gramu 10 za chumvi. Kanuni hiyo ni nzuri kwa mapishi mengi, lakini hapa inamwangusha mpishi. Maji yakiwa mengi kiasi hicho, wanga hutawanyika na nguvu yake huisha. Kwa hiyo wapishi wanaokijua chakula hiki hupunguza maji, hata yakazifunika tambi kidogo tu. Chumvi nayo huipunguza, maana Pecorino Romano ni kali kwa chumvi yenyewe.

Tambi zenyewe nazo zina neno. Sheria ya Italia ya mwaka 1967 iliagiza tambi kavu zitengenezwe kwa unga wa ngano ngumu, ngano yenye protini nyingi inayozifanya zikinze jino hata baada ya kuiva. Mafundi wa Gragnano, mji ulio karibu na Naples, hupitisha kinyunga kwenye matundu ya shaba nyeusi, kisha hukausha tambi polepole. Shaba hiyo huacha uso wenye mikwaruzo kama ya msasa. Mikwaruzo hutoa wanga kwa wingi majini, na baadaye huushika mchuzi usiteleze. Tambi zilizopitishwa kwenye matundu ya plastiki laini hung'aa vizuri dukani, lakini mchuzi huteleza juu yake ukabaki chini ya sahani.

Pilipili manga hukaangwa kavu mpaka inukie, ikatwangwa isiwe unga. Roma imeijua tangu zama za kale, ilipoletwa kutoka pwani ya Malabar, India, na vyombo vilivyobebwa na pepo za msimu, jamaa wa kaskazi na kusi zetu.

Hatua ya mwisho Waitalia huiita mantecatura. Jibini lililokunwa laini sana huchanganywa pembeni na maji ya tambi yaliyopoa kidogo, likawa rojo zito. Tambi huondolewa zikiwa bado na kiini kigumu, zikamalizikia kwenye kikaango chenye pilipili na upawa mmoja au pawa mbili za maji yale yale. Kisha kikaango huepuliwa. Hubaki mbali na moto hadi mvuke mkali utulie, ndipo rojo linamiminwa, na tambi hurushwarushwa na kukorogwa bila kukoma mpaka kila uzi uvae mchuzi.

Kutia krimu ni kukwepa kazi hiyo. Krimu huzuia mchuzi usikatike, ni kweli, lakini huufunika ukali wa jibini la kondoo na harufu ya pilipili, na chakula kinakuwa kingine. Kwa macho yangu hapo ndipo upishi wa Kiitalia ulipojitenga na mapishi mengine: vitu huwa vichache, hivyo mkono wa mpishi hauna pa kujificha.

Utakapopika tambi jioni ya leo, chota vikombe viwili vya maji yake kabla hujayamwaga.