Kipaza Sauti, Spika na "Njia Mbili"

Neno "kipaza sauti" limetwishwa mizigo miwili: ni chombo anachosemea mhutubu, na tena ni chombo kinachoipeleka sauti yake uwanjani. Mafundi redio wa Tabora wanaounda spika nyumbani hawana utata huo. Wao husema "maiki" na "spika". Kiswahili chenyewe kilifika huko katika karne ya 19 kwa vinywa vya wapagazi na wafanyabiashara wa njia ya Bagamoyo na Ujiji, si kwa waraka. Wanaolipinga neno "spika" kwa sababu Bunge lina Spika wake wana hoja dhaifu: nani atamtafuta ndani ya sanduku la mninga?

Ninalolikataa ni "spika ya njia mbili". Msomaji atadhani sauti huenda na kurudi, kama katika simu ya upepo. Kumbe sauti hugawanywa: koili huzuia sauti nyembamba zisifike kwenye spika kubwa, na kapasita huzuia nzito zisifike kwenye ndogo. "Spika ya koni mbili" nayo haitoshi, kwani ile ndogo mara nyingi ina kuba, na koni mbili zinaweza kutoa sauti zilezile. Napendekeza "spika ya migao miwili", na kifaa kinachogawa kiitwe "kigawa sauti".