Bandi ya Molekuli

Fundi mzuri akishakata kitambaa hakimbilii cherehani. Hupiga bandi kwanza: mishono mirefu ya mkono, legelege, kwa uzi usiofanana na nguo. Kanzu nyeupe huipiga bandi kwa uzi mwekundu. Uzi huo hatauvaa mtu, lakini bega likikaa sawa, limekaa kwa sababu yake.

Wachoraji wa molekuli kwenye kompyuta nao wana bandi yao: atomu bandia. Haina protoni wala uzito, namba yake ni 0, na alama yake huwa X au Xx. Wanaojenga molekuli kwa kutaja pembe wanaijua siku nyingi. Asetilini imenyooka kama fimbo, nyuzi 180, na penye mnyooko huo pembe ya msokoto haipimiki mpaka uchomeke nukta kando.

Mimi nilianza kuiheshimu kwenye ferosini. Humo chuma kimekaa kati ya pete mbili za kaboni tano tano, kama punje kati ya mawe ya kusagia, kimeshikana na kaboni zote kumi. Zichore zote kumi kwa mistari na utapata dema la kuvulia samaki. Weka atomu bandia katikati ya kila pete, uvute mstari mmoja kutoka kwenye chuma hadi hapo, na picha inapumua. Mstari huo una urefu wa angstromu 1.65 hivi, hadi kwenye kaboni yenyewe ni kama 2.05.

Kazi iliyobaki ni kuivisha atomu hiyo bandia. PyMOL, programu aliyoianzisha Warren DeLano, huiweka kama kijimsalaba chembamba tu. Jmol ukiiachia huipaka waridi iliyokoza, inayopiga kelele kuliko chuma chenyewe. Niliwahi kusimama mbele ya darasa na ferosini yenye madoa hayo mawili ya waridi. Binti wa mstari wa mbele akauliza: ile ni elementi gani? Hakukosea yeye. Tangu vielelezo vya Corey na Pauling, miaka ya 1950, tumezoea kusoma rangi kama majina: nyekundu oksijeni, buluu naitrojeni, nyeusi kaboni. Ukipaka tufe rangi umeshasema jambo.

Siku hizi nalipunguza tufe hadi robo ya kaboni, nalipa kijivu, nalififisha hadi vya nyuma yake vionekane, na mstari wake naukatakata vipande. Wapo wanaolificha kabisa, mstari ukaishia hewani. Siwaungi mkono, mtazamaji hudhani kuna atomu imedondoka. Bandia, kwa maana yake ya nyumbani, ni mwanasesere, na mtoto anayembeba mgongoni anajua fika kwamba hajabeba mtoto. Kijivu kile kidogo kinatosha kumjulisha mtazamaji vivyo hivyo, bila maelezo pembeni.

Fundi huichomoa bandi kabla nguo haijaenda kwa mwenyewe. Nawe, kabla hujamtumia mwenzako faili akapigie hesabu, zing'oe X zote. Ferosini, pamoja na hidrojeni zake, ina atomu 21, si 23.