Mwalimu Goso na Mwalimu Mgeni

Walimu watokao nchi za mbali, wajao kwetu kufundisha Kiingereza na kuitumikia Injili, mara nyingi hutuuliza wasome kitabu gani kabla ya kuingia darasani. Wengi hutazamia kwamba tutawatajia sarufi au kamusi. Sarufi yafaa, na kamusi yafaa. Lakini sisi twawajibu: anzeni na ngano fupi ya Mwalimu Goso, iliyomo katika kitabu cha Edward Steere, Swahili Tales, kilichopigwa chapa London mwaka 1870. Sababu yake hatuna budi kuieleza, maana wako waidhanio ngano hii kuwa ya kuchekesha watoto tu.

Kwanza tumtazame mkusanyaji. Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, na yeye mwenyewe akawa askofu mwaka 1874. Vijana wa kwanza waliowekwa mikononi mwa misioni ile walikuwa watoto waliotolewa katika utumwa, wenyeji wa bara, ambao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Basi mwalimu na wanafunzi walikuwa wageni pamoja. Steere aliketi na watu wa Unguja, akasikiliza hadithi zao, akaziandika, ukurasa mmoja Kiswahili na wa pili Kiingereza. Na katika dibaji yake hakuwasahau watu waliomsimulia. Mwaka uo huo akatoa na kitabu chake cha sarufi na maneno. Twamsifu kwa jambo hili: alikubali kufundishwa na wale aliokuja kuwafundisha.

Sasa ngano yenyewe. Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Paa akapanda mtini, akaangusha buyu, likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi walipokwisha kumzika wakaondoka kumtafuta mwuaji. Wakaushika upepo wa kusi, wakaupiga. Kusi ikawauliza kosa lake. Walipoieleza ikasema, kama ingekuwa na nguvu hivyo isingezuiliwa na kiambaza. Kiambaza kikamtaja panya, panya akamtaja paka, paka kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe, ng'ombe kupe, na kupe akamtaja paa. Paa hakujibu neno, wakamwua.

Wasomaji wengine husema kwamba huu ni mnyororo wa kuzoeza kumbukumbu, wala hauna maana nyingine. Ni kweli ya kuwa ni mnyororo, na asikiaye huufuata kwa furaha. Lakini na tuangalie mambo mawili. La kwanza, wanafunzi hawa wampenda mwalimu wao, na kwa upendo huo huo wanapiga kwanza, wakaambiwa baadaye kwamba wamekosea. Wala hawajifunzi, bali huenda kumpiga wa pili. La pili, kila ashikwaye aweza kujitetea, naye husalimika. Asiyeweza kusema ndiye afaye. Katika ngano paa ndiye mkosaji hasa, kwa hiyo msikilizaji huridhika. Lakini wanafunzi hawakumwona mtini. Walimhukumu kwa kimya chake, na hukumu yao ikawa ya haki kwa bahati tu. Hapo ndipo penye uzito wa ngano hii, na hapo twamsihi mwalimu mgeni asimame kidogo.

Maana huku kwetu Madibira kimya cha namna hiyo twakijua. Misioni yetu, iliyo katika Wilaya ya Mbarali ya leo, iko pale Usangu unapokutana na Uhehe. Ilianzishwa na Wabenediktini Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Wajerumani walipoondoshwa kwa sababu ya Vita Kuu ya 1914–1918, Wamisionari wa Konsolata kutoka Torino, Italia, walikuja Iringa mwaka 1919, nchi ikiwa imeshikwa na Waingereza. Fikiri basi hali ya padre Mwitalia wa siku zile: nyumbani alisema lugha yake, serikali ilimwandikia kwa Kiingereza, shuleni alisikia Kiswahili, na kijijini Kihehe, Kisangu na Kibena. Mtu wa namna hiyo, akiwa mwaminifu, hana budi kujua jinsi ulimi unavyokuwa mzito. Na mtoto wa leo hupanda ngazi zile zile: husema lugha ya mama nyumbani, husoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi, na aingiapo kidato cha kwanza hukutana na Kiingereza katika karibu kila somo.

Tulipata kufundisha katika shule moja pamoja na kijana aliyetoka ng'ambo, mtu mwema na mwenye bidii. Siku moja alimwuliza mtoto kwa Kiingereza, "Hukufanya kazi niliyokupa?" Mtoto akajibu kwa Kiingereza, "Ndiyo." Mwalimu akalifunua daftari, akaliona tupu, akamtoa nje kwa kosa la kusema uwongo. Alipoulizwa sababu, mtoto hakujibu. Jioni tulimweleza mwenzetu jambo ambalo hakuna kitabu kilichomwambia: kwa Kiswahili, aulizwaye swali la kukana akijibu "ndiyo" hukubali maneno ya mwulizaji, yaani, ndivyo usemavyo, sikufanya. Kwa Kiingereza neno lilo hilo lasema kwamba amefanya. Mtoto alikuwa amesema kweli tupu, kwa maneno ya Kiingereza na kwa akili ya Kiswahili. Alikosa kufanya kazi, naam. Lakini aliadhibiwa kwa uwongo, na uwongo hakuusema. Tena hakuwa na Kiingereza cha kujitetea. Alikuwa paa.

Twamsifu kijana yule kwamba asubuhi alimwita mtoto mbele ya wenzake, akamwomba radhi. Toka siku hiyo akaanza kujifunza, akipita njiani akisema "Kamwene" kwa wazee. Darasa lake nalo likaanza kufunguka, kwa kuwa watoto walimsikia mwalimu wao akikosea lugha yao, nao hawakuona tena haya kuikosea yake.

Hatukusudii kumsifu Steere kupita kiasi. Kitabu chake kina upungufu ambao kitabu chochote cha ngano kinao: maneno yako, sauti haiko. Hatusikii pale wasikilizaji walipoitikia, wala pale msimulizi alipokaza au kulegeza. Kwa hiyo kimya cha paa katika karatasi hupita upesi mno. Jicho hulikimbilia neno la mwisho na kufunga kitabu. Msimulizi hodari angenyamaza pale, na wote wangenyamaza pamoja naye. Ndiyo maana twashauri ngano hii isisomwe kwa macho tu. Mwalimu mgeni na amtafute mzee wa mahali pake, amwombe amsimulie, kisha naye ajaribu kuirudia mbele ya watoto kwa Kiswahili chake kibovu.

Wengine watasema kwamba mwalimu wa Kiingereza ameitwa kufundisha Kiingereza, na wakati wake ni mfupi. Twajibu kwamba hatumwombi awe mtaalamu wa lugha tatu. Twamwomba ajue swali lake limesikiwaje kabla ya kulihukumu jibu, na mtoto anyamazapo, amwulize tena kwa lugha ambayo mtoto aweza kujitetea kwayo. Na kama yeye haijui, amwite mwenzake aijuaye. Kufanya hivyo hakumpunguzii heshima. Na kwa yule aliyekuja pia kuihubiri Injili jambo hili lina uzito zaidi, maana mtoto aliyehukumiwa bila kusikilizwa darasani saa nne hatasadiki upesi habari za huruma atakazosimuliwa na mdomo ule ule kanisani Jumapili.

Goso mwenyewe hasemi neno lolote katika ngano yake. Hatujui aliwafundisha nini watoto wale. Twajua tu kwamba walipobaki peke yao walipiga kabla ya kuuliza. Na mwalimu asomaye kisa hiki yampasa ajiulize kama wake wangefanya vingine.