Changarawe ya Kempen inaficha nini?



Wenzetu walioko Ubelgiji kwa masomo wanapenda kututumia picha za aina moja: njia nyembamba ya changarawe, misonobari kulia na kushoto, mbele nyika imejaa maua ya zambarau, na kinga imeegemea mti. Gari haiko, honi haiko, moshi hauko. Chini ya picha wanaandika: «asili tupu, kama Mungu alivyoiumba».

Mimi ni mtu wa agronomia. Nikiona picha ya namna ile, macho yanaenda kwanza chini, kwenye udongo. Leo nataka kuzihukumu zile njia kama mtu anavyohukumu kitabu au filamu. Hukumu yangu naitoa mapema: njia zenyewe ni kazi nzuri sana, lakini hadithi inayouzwa pamoja nazo ni ya uongo. Na ule uongo unatugusa sisi watu wa Katanga.

Tuchukue Hoge Kempen, katika jimbo la Limburg, mashariki ya Ubelgiji. Ni mbuga ya taifa ya kwanza ya Flandre, ilifunguliwa mwaka 2006. Pale ardhi yote ni mchanga na changarawe, vilivyoachwa na mito nyakati za barafu, zaidi ya yote mto Meuse. Maji ya mvua yanazama haraka, matope hayakai. Kinga yenye mipira minene kidogo inapita bila taabu, na mwenye kuiendesha anasikia kokoto zikilia chini yake, basi. Mtoto anaweza kutangulia mbele ya mama yake bila mtu kupiga kelele. Kwa hilo nawapa alama kumi juu ya kumi.

Jambo lingine la kusifu ni akili ya vibao. Kwenye kila njia panda kuko nambari, na mishale inaonyesha nambari zinazofuata. Unaandika kwenye karatasi: 50, 52, 61, unaenda. Huhitaji kujua jina la kijiji hata kimoja. Mpango huo uliwaziwa na Hugo Bollen, injinia wa migodi, na ulianza Limburg mwaka 1995, kisha ukaenea Flandre nzima na Uholanzi. Ni chombo cha bei ndogo, kinachomheshimu mtu mwenye miguu miwili na akili yake.

Sasa tuje kwenye lawama.

Ya kwanza ni hilo neno «asili». Ile nyika ya zambarau, ambayo wenyeji wanaita heide, ilitengenezwa na wakulima. Zamani pale palikuwa na msitu. Watu waliukata, wakauchoma, wakaingiza kondoo. Kisha walikata hata ngozi ya ardhi, ile tabaka ya juu yenye majani na mizizi, wakaitandika katika mazizi, ikachanganyika na mavi ya kondoo, wakaipeleka kwenye mashamba. Shamba lilinenepa, nyika ikakonda. Karne kwa karne. Ukichimba shimo katika nyika ile leo, unakuta chini kidogo tabaka ya kijivu kama majivu: chuma na mboji vimeoshwa na kushuka chini zaidi. Wanafunzi wa pedolojia wanaijua kwa jina la podzoli. Maua yale mazuri ni ya mmea unaovumilia njaa. Kwa maneno mengine, tunapiga picha uchovu wa udongo.

Na misonobari? Mwaka 1901 André Dumont alipata makaa ya mawe katika kijiji cha As. Migodi saba ikafuata. Ndani ya mgodi kulihitajiwa nguzo za kushikilia mwamba, na msonobari ulipendwa kwa sababu unalia mbele ya kuvunjika, mchimbaji anapata nafasi ya kukimbia. Ndiyo maana nyika kubwa kubwa zilipandwa misonobari, mistari kwa mistari. Mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka 1992. Mwendesha kinga anayesema «niko msituni» yuko katika shamba la miti ambalo mteja wake mkubwa alikufa.

Lawama ya pili ni tamaa ya kushangaza watu. Mwaka 2016, kule Bokrijk, walipasua bwawa na kupitisha njia ya mita 212, maji yanafika usawa wa macho ya mwendesha kinga. Mwaka 2019, katika msitu wa Bosland, wakajenga njia ya mviringo ya mita 700 inayopanda hadi mita 10 kati ya miti. Ni ufundi, sikatai. Lakini tazama lango la mbuga yoyote ya namna hii: kuko uwanja wa kuegesha magari, na magari yamebeba kinga mgongoni. Watu wanakuja kwa petroli kutafuta mahali pasipo petroli. Na moshi wa magari, pamoja na mavi ya mifugo ya kisasa, unarudisha naitrojeni kwenye ile nyika maskini. Majani marefu yanashiba na kufunika maua. Ili maua yabaki, inabidi walete tena kondoo na kukata tena ngozi ya ardhi, safari hii kwa mashine. Njia inayomwonyesha mgeni kondoo bila kumweleza kazi yao inamfanya mtazamaji tu.

Lawama ya tatu ni nzito zaidi. Kempen, kwa sababu ilikuwa nyika tupu ya bei rahisi, ilipokea pia viwanda vya zinki. Mabaki yao meusi, majivu ya zinki, yalimwagwa miaka mingi kwenye barabara na vijia vya eneo lile kama changarawe ya bure. Ndani yake mlikuwa kadmiamu na risasi. Serikali ikalazimika kuyaondoa, na watu wa karibu na viwanda wakashauriwa kutia chokaa katika bustani zao za mboga, maana udongo wenye asidi unaachilia kadmiamu iingie kwenye mboga. Na katika Kempen hiyohiyo kuko Olen, ambako Union Minière ilianza mwaka 1922 kutoa radiamu katika mawe ya Shinkolobwe. Mawe ya kwetu, ndugu zangu. Kwa hiyo picha ya «asili tupu» inafuta mkulima, mchimba makaa, na sisi pia.

Je, natupa njia zile? Hapana. Nataka zisomwe vizuri, kwa sababu sisi tunaishi ukurasa wa kwanza wa kitabu kilekile. Njia za udongo zinazoingia Lubumbashi zimejaa kinga, lakini zile zimebeba magunia ya makala, na mwenye kinga anaisukuma kwa miguu. Shina la miombo likiachwa lipumzike, linachipuka, na msitu unarudi. Lakini moto na jembe vikirudi kila mwaka, msitu unachoka, majani yanachukua nafasi. Njia hiyohiyo ndiyo iliifikisha Kempen kwenye heide. Na Penga Penga, chini ya upepo wa bomba la kiwanda kilichoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, hata majani yalishindwa. Nani atakuja pale kesho kupiga picha na kuandika «asili tupu»?

Wabelgiji walingoja migodi ife ndipo wakaikumbuka ardhi. Sisi hatuna sababu ya kungoja. Vibao vya nambari vinaweza kuwekwa hata kwenye vijia vya wauza makala, mtu ajue maji yako wapi na kijiji kinachofuata ni kipi. Sehemu za msitu zinaweza kupumzishwa kwa zamu, wenyeji wenyewe wakipanga. Na mbele ya kumwaga mabaki ya kiwanda barabarani, yapimwe. Hiyo ni kazi ya watu wenye lisansi kama yetu, wengi wao wamekaa nyumbani wakingojea kazi ya mgodi.

Mwenzetu wa Ubelgiji aendelee kututumia picha. Ila siku moja ashuke kwenye kinga, achimbe sentimita arobaini, atutumie picha ya shimo. Ile ndiyo tutaijadili mpaka usiku.