Ufundi wa Kuupima Mwili

Anayetaka kuanza yoga hupokelewa na majina mengi: hatha, Ashtanga, Iyengar, vinyasa, yin. Hapa Likasi, nchini Kongo, ambako mtu huweza kuiona yoga kwenye simu kabla ya kumwona mwalimu, swali linalomjia upesi ni: mtindo upi ulio bora? Kwa maoni yangu swali hilo linapotosha. Mitindo kadhaa ilizaliwa pale mwalimu alipokutana na miili ya aina fulani, akaipima kama fundi cherehani anavyompima mteja, kisha akatunga mazoezi yanayoikaa. Ufundi huo wa kupima kwanza na kuagiza baadaye ndio unaostahili sifa.

Ushahidi uko kwa Tirumalai Krishnamacharya, aliyefundisha katika jumba la kifalme la Mysore, kusini mwa India, miaka ya 1930. Wavulana wenye nguvu aliwapa mikao inayofuatana bila kusita, kila mwendo na pumzi yake. Mwanafunzi wake K. Pattabhi Jois akaieneza kwa jina la Ashtanga, na vinyasa ya leo imechota humo. Mwanafunzi mwingine, B.K.S. Iyengar, shemeji wa Krishnamacharya, alikuwa ameandamwa utotoni na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Mwili huo dhaifu ulimfundisha subira: kudumu katika mkao mmoja, kila kiungo mahali pake, kwa msaada wa mikanda, viti na vipande vya mbao. Naye T.K.V. Desikachar, mwana wa Krishnamacharya, alishikilia kwamba zoezi ndilo limfuate mtu. Chemchemi ni moja, mito mitatu.

Wapo watakaosema kwamba Likasi, mji uliokua juu ya shaba tangu ulipoitwa Jadotville, hauna haja ya mazoezi, kazi inatosha. Lakini kazi hurudia mwendo uleule. Mchimbaji huinama siku nzima, dereva wa lori la madini hukaa saa nyingi barabarani kati ya Lubumbashi na Kolwezi, na mama mwenye beseni kichwani huibebesha shingo mzigo wote. Kazi huutumia mwili bila kuurudisha sawa. Migongo kama hiyo ianze na hatha ya polepole au Iyengar. Kijana wa mpira ataipenda vinyasa, na asiyejua kutulia atafaidika na yin, ambayo humweka katika mkao mmoja kwa dakika kadhaa, ameketi au amelala. Mtindo wa Bikram, mikao 26 ndani ya chumba chenye joto la nyuzi 40 hivi, haumfai aliyeshinda juani au kando ya tanuru.

Pingamizi la imani ni zito zaidi, na halifai kupuuzwa. Yoga imetoka katika dini na falsafa za India, na kulificha hilo ni kumdanganya mwanafunzi. Hata hivyo, yako madarasa ya mikao na pumzi yasiyo na nyimbo wala maombi. Mkristo au Mwislamu ana haki ya kuuliza mapema na kuchagua. Kuhusu gharama, Nairobi imekwisha kujibu: shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa 2007, limewafunza vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu, nao wakafundisha bure katika mitaa yao. Vifaa navyo si kikwazo, kwani kitenge kilichokunjwa hushika nafasi ya ukanda.

Basi anayeanza amchunguze mwalimu kuliko jina la mtindo. Anayekuuliza habari za mgongo, shinikizo la damu au ujauzito kabla ya kukuambia uiname, huyo anaijua kazi yake. Walimu watakaotoka Likasi nao wasiridhike kuiga Mysore. Wakitunga mazoezi yanayoufaa mgongo wa mchimbaji wa shaba, watakuwa wamemfuata Krishnamacharya kwa uaminifu kuliko anayenakili kila mkao wake.