Nimekula Sato Mwanza, Msiniambie Kitu

Naandika haya usiku wa nne, vidole bado vinanuka ndimu na moshi, kwa sababu nikisubiri nirudi Dar nitakuwa nimetulia, na jambo hili halitaki mtu aliyetulia. Jamani, sato! Sato aliyetoka ziwani alfajiri, akachanjwa mbavuni, akapakwa chumvi na ndimu basi, akalazwa juu ya mkaa, akaletwa mzima, kichwa upande huu wa sinia na mkia unaning'inia upande ule. Miaka 14 nimekuwa nikila Dar es Salaam samaki anayeitwa kwa jina hilo. Kumbe nilikuwa nakula picha yake ya pasipoti.

Tumekuja watano, kikazi. Kwa ambaye hajawahi kusafiri kwa posho, nimpe siri. Karatasi inasema posho ya kujikimu ni ya chakula na malazi. Lakini ile hela huwa ina kazi yake hata kabla hujapanda gari: ada ya mtoto, mifuko ya saruji, deni la kikoba. Kwa hiyo wafanyakazi wakisafiri pamoja, jioni hutawanyika. Kila mmoja anajifanya kachoka, anafunga mlango wa gesti, na nyuma ya ule mlango ni mkate, parachichi na maji moto ya kuomba mapokezi. Mhasibu wetu, mama ninayemheshimu kuliko benki, aliwahi kumaliza wiki nzima Tabora kwa ndizi na karanga, akarudi na bati 30. Nilijua na Mwanza itakuwa hivyo hivyo. Kwenye begi langu kulikuwa na biskuti pakiti sita. Bado ziko sita.

Aliyeharibu mpango ni dereva. Tumetoka Dar kilomita zaidi ya 1,100, tumelala Singida, tumeingia mjini saa kumi alasiri migongo imekufa ganzi. Na mji wenyewe unakupokea kwa mawe! Mawe juu ya mawe, nyumba zimekaa juu ya mawe, kama vile kuna mtu alikuwa anahama na mizigo mizito, akaitua hapa apumzike, akasahau kurudi. Tukazunguka kipilefti cha samaki, na mimi nikadhani tunakwenda hotelini. Mzee akakata kona kuelekea Kirumba.

"Mzee, hoteli si upande ule?" bosi akauliza.

"Hoteli haihami, mwanangu. Samaki anaisha."

Kama hujafika Soko la Mwaloni, Kirumba, ngoja nikupangie. Mwalo ndiyo sehemu mitumbwi inapotia nanga na kushusha, na hapa jina la kazi limegeuka jina la mahali. Dagaa wamelundikwa wakawa vilima, magunia yanapanda malori, mengine yanakwenda mpaka Kongo. Korongo wenye vipara wanatembea katikati ya watu kama wajumbe wa kamati, mikono nyuma. Harufu ni ya kukushika kola. Dogo wetu wa TEHAMA akaziba pua, muuzaji mmoja akamcheka: "Mwanangu, ukimaliza kuziba utuambie tukufungie kilo ngapi." Alinunua mbili. Nawaonya tu, dagaa walioanikwa mchangani huja na mchanga wao. Uliza wa kwenye chanja.

Pembeni ya hapo, karibu na maji, kuna mabanda ya mama ntilie yasiyo na bango. Tulikokaa sisi kuna viti vya plastiki vya rangi tatu tofauti, ndoo ya kunawia yenye koki, na mama mmoja nyuma ya moshi. Dereva akamwamkia "Mwadila!" akajibiwa "Mwadila!" na kuanzia hapo tukawa si wageni tena, tukawa wa mzee.

Huletewi menyu, unaitwa kwenye beseni. Mama akatufundisha: macho yawe yamejaa, yasiwe yamezama, mashavu ukiyafunua yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Mhasibu akabonyeza samaki saba. Saba! Kwa umakini ule ule anaokagulia risiti zetu. Mama akamtazama, akamuuliza katoka wapi. Akajibu kwao Kisarawe, Mzaramo. Basi, hapo ndipo palipowaka.

"Ala! Mtani! Kule kwenu mnajua kubonyeza samaki, au mnajua kigodoro tu?"

"Mtani, nyamaza. Babu zenu walikuja Pwani na pembe za watu kichwani, hata nauli ya kurudi hawakubakiwa nayo."

Utani wa Wazaramo na watu wa huku Usukumani na Unyamwezini ni wa zamani, wa enzi za misafara, na niliusikia darasani kama somo. Kuusikia juu ya beseni la samaki ni habari nyingine. Mhasibu wetu, ambaye ofisini husema "weka kiambatisho" na "rudi kesho", alicheka mpaka akaegemea nguzo. Sikuwa najua kwamba ana jino la dhahabu.

Halafu tukangoja. Dakika 50. Hakuna mtandao wa maana, hakuna televisheni, na jua ndilo linashuka nyuma ya mitumbwi. Wenzangu ambao kwa miaka mitatu nimepishana nao kwenye korido, leo hawana pa kwenda. Bosi akaeleza alivyofukuzwa kwaya kwa sauti mbaya. Dogo wa TEHAMA akakiri kwamba ile printa ya ghorofa ya pili haijaharibika, anaichomoa waya akitaka kupumzika. (Nimeapa sitaandika. Nimeandika.) Ziwa liko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jioni upepo una ubaridi kidogo, na mtu wa Dar anapata anasa asiyoijua: kula kitu cha moto bila kutoka jasho.

Akaja. Ngozi imekauka, inapasuka kwa kidole, na chini yake nyama nyeupe inaachia mifupa yenyewe, vipande kwa vipande, haibishi. Ina utamu wa maji baridi, haina ile shombo ya samaki aliyelala siku tatu kwenye barafu. Pembeni ugali wa udaga, rangi ya kahawia, unavutika, una uchachu wa mbali kwa sababu mhogo umevundikwa kabla ya kusagwa. Tonge la kwanza dogo alilitazama kama barua ya kuhamishwa kituo. La tatu alikuwa analifukuzia. Mlenda naupa tisa kwa kumi. Kachumbari naipa sita, vitunguu vilikuwa vikali. Sato nashindwa, kumi hazimtoshi.

Kisha kikaanza kikao cha kichwa. Nani anakula kichwa? Bosi ana cheo, dereva ana umri, na mhasibu ana posho zetu mkononi. Mhasibu alikula kichwa.

Watu watano, samaki wawili wakubwa, ugali wa kuongezwa mara mbili, soda: shilingi 85,000. Kumi na saba elfu kila mmoja! Niliona midomo ya mhasibu ikipiga hesabu, kisha nikaona ameacha.

Niseme kitu hapa wenyeji wasinipige mawe, maana wanayo mengi. Huyu sato tunayemwita mwenyeji wa ziwa naye ni mhamiaji. Alipandikizwa miaka ya 1950, karibu wakati mmoja na sangara, na samaki wa asili wa jamii yake, ngege, akasukumwa pembeni. Sangara ndiye aliyebeba lawama zote, kwa vile alimaliza furu wa aina nyingi kwa mdomo wake mwenyewe. Jioni ya pili tulimkuta yeye, vipande vya kukaanga, mafuta yakitiririka mpaka kifundo cha mkono. Mzito, mtamu, lakini vipande viwili unatosheka. Nikaomba na mapanki, yale mabaki ya mifupa viwanda vikishachukua minofu. Ndiyo yale yaliyoonyeshwa kwenye filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, ikazua ugomvi mkubwa hadi Rais Kikwete akaikemea mwaka 2006. Ugomvi ule siuwezi. Nachosema ni kwamba yakikaangwa makavu, ile nyama ya shingoni inayobaki inatafunika vizuri, na mama aliyetuuzia hakuwa na haya yoyote wala hakuona kwa nini awe nayo.

Jioni ya tatu bosi akataka "mahali pa heshima". Tukaenda hoteli moja, siitaji, yenye bustani na mandhari ya kukutoa machozi. Sato akaja amefungwa kwenye karatasi ya fedha na chipsi pembeni, ndani ya dakika 15. Kila mtu akashika simu yake. Sina la kuongeza.

Leo kazi ilitupeleka Sengerema, kwa hiyo tumepita Daraja la J.P. Magufuli, kutoka Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 hivi juu ya maji, lililofunguliwa na Rais Samia tarehe 19 Juni 2025. Dakika chache umevuka! Dereva hakufurahi kama sisi. Enzi za kivuko, anasema, ulikuwa unapanga foleni hata saa mbili, na foleni ile ndiyo iliyokuwa mezani kwake: samaki wa kukaanga dirishani, mayai, michembe ya kuchemsha na karanga. Tulimlazimisha asimame ng'ambo, tukapata michembe. Ina utamu wa kiazi kilichokaa juani mpaka kikajisahau. Dogo ameijaza kwenye begi la kompyuta.

Sasa ni saa nne usiku na hakuna mbalamwezi, giza ambalo wavuvi wa dagaa hulipenda. Kutoka dirishani naona taa zao ziwani, nyingi mpaka unadhani ng'ambo ile kuna mji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni za sola na betri. Nilikuwa nataka kueleza habari za dagaa wabichi wa kukaanga, ambao dereva anadai hatujawaona bado, ila kuna mtu anagonga mlango. Ni mhasibu. Amevaa kanga na raba, na anauliza kama nimelala, kwa sababu mzee ameshawasha gari.